Neema, imani na utii kwa siku tatu: mhubiri aanzie wapi?

Swali: "Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe, na shikamoo. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa katika usharika mmoja wa kijijini. Baraza la wazee limenipa semina ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, na vichwa wameshavipanga: siku ya kwanza neema, ya pili imani, ya tatu utii. Nilipowahi kuhubiri neema, mzee mmoja wa kanisa alisema nawafungulia vijana mlango wa dhambi. Nilipohubiri utii, mama mmoja alilia, na tangu hapo haji ibadani. Nitayarishe vipi mahubiri haya yasigombane? Na siku ya mwisho niwaite watu mbele?"

Jibu:

Marahaba, mwinjilisti. Bwana Yesu asifiwe.

Vichwa ulivyopewa ni vizuri, ila vina mtego. Ukivichukua kama masomo matatu, Ijumaa utakusanya mistari ya neema kutoka kila pembe ya Biblia, Jumamosi ya imani, Jumapili ya utii. Atakayekuja Ijumaa peke yake ataondoka na Mungu anayesamehe asiyetaka kitu. Atakayekuja Jumapili peke yake, na hao ndio wengi, atakutana na Mungu anayedai asiyetoa kitu. Naona ndivyo ilivyotokea kwa mzee wako na kwa yule mama: kila mmoja alisikia kipande, akakichukua kuwa habari yote.

Kwa hiyo nakushauri uchague habari moja ya Biblia ambamo neema, imani na utii vimo pamoja, ukae humo siku zote tatu. Kila siku isimulie yote, ila uegemee upande mmoja. Mimi ningechukua 2 Wafalme 5, habari za Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma. Mwana mpotevu ni habari tukufu, lakini waumini wetu wameizoea hata wanakumalizia sentensi. Naamani wanamjua kwa ule mto Yordani na zile mara saba alizojichovya humo, basi. Mwanzo na mwisho wa sura wengi hawajawahi kuusikia ukihubiriwa, na huko ndiko hoja yako iliko.

Kabla ya kumfikia Naamani, shika kwanza mpangilio, kwa maana mahubiri mengi ya utii huharibikia hapo. Fungua Waefeso. Barua ina sura sita. Katika tatu za kwanza Paulo anasimulia alichofanya Mungu, na amri anayoitoa humo ni moja tu, "kumbukeni", katika 2:11. Kuanzia sura ya nne ndipo anaposema acheni uongo, mwizi asiibe tena, waume wapendeni wake zenu. Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri ya kwanza Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Waisraeli katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa. Amri walipewa watu waliokwisha kuvuka bahari. Hawakuambiwa wazishike kwanza ndipo maji yagawanyike.

Liturujia yetu inakufundisha hilohilo kila Jumapili. Tunaungama, tunatangaziwa msamaha, na baadaye ndipo mhubiri anapanda mimbarini. Unaposimama kuhubiri utii, mbele yako wameketi watu ambao muda mfupi uliopita wameambiwa wamesamehewa. Usihubiri kana kwamba hawakuambiwa. Na ukitaka ushahidi wa kumwonyesha mzee wako kutoka katika mafundisho ya kanisa letu, mpeleke kwenye Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ungamo la imani letu sisi Walutheri. Kifungu cha 4 kinafundisha kuhesabiwa haki kwa imani, bila mastahili yetu. Kifungu cha 6 kinafundisha utii mpya: imani hii haina budi kuzaa matunda mema, na mtu asiyategemee hayo matunda apate kibali. Kati ya viwili hivyo, kifungu cha 5 kinazungumzia huduma ya kuhubiri Neno na kutoa sakramenti. Kazi yako, mwinjilisti, imewekwa hapo katikati. Mimi hilo hunipa moyo kila ninapoandaa hubiri.

Sasa Naamani. Anza mapema, walau juma moja kabla. Siku mbili za mwanzo usiandike chochote. Soma sura yote kwa sauti, kisha mwombe mtu wa nyumbani akusomee nawe usikilize tu. Halafu chukua kalamu, pigia mstari kila mahali Mungu anapotenda au anapotajwa. Utashangaa, maana la kwanza limo katika mstari wa 1: kwa mkono wa Naamani Bwana alikuwa amewapa Washami kushinda. Mtu huyu ni mpagani, ni jemadari wa adui wa Israeli, naye tayari Mungu anamshughulikia bila yeye kujua. Hapo ndipo hubiri la Ijumaa linapoanzia.

Kila siku iandikie sentensi moja utakayoweza kuisema bila karatasi. Ya Ijumaa ningeiandika hivi: Mungu alimtafuta Naamani kabla Naamani hajajua kumtafuta, na alichompa hakikuwa na bei. Tazama alivyobeba: talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu, mavazi kumi. Fedha peke yake ilizidi kilo 300. Amebeba na barua ya mfalme. Ni mtu aliyezoea kwamba kila mlango hufunguliwa kwa cheo au kwa fedha, na nabii Elisha hamtokei hata mlangoni, anamtuma mjumbe. Baada ya kupona anarudi kulipa, nabii anaapa kwamba hatapokea kitu, na akishurutishwa bado anakataa. Tua hapo. Waumini wako wanaishi katika nchi ambamo watu huuziwa maji na mafuta ya maombezi, na huambiwa wapande mbegu ya fedha ndipo Mungu awaangalie. Huna haja ya kumtaja mtu. Soma tu mstari wa 16 polepole, uwaache wausikie.

Kisha usiishie kwa Elisha. Kwa Naamani uponyaji ulikuwa bure. Kwetu wokovu ni bure kwa sababu mwingine amelipa. Petro, katika waraka wake wa kwanza, 1:18 na 19, anasema hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Mistari hiyo inakaa vizuri sana kando ya mizigo ya Naamani. Na Bwana Yesu mwenyewe alimtaja Naamani katika sinagogi la Nazareti, Luka 4:27, kwamba wenye ukoma walikuwa wengi Israeli na aliyetakaswa ni huyu Mshami. Watu wa Nazareti walighadhibika, wakampeleka ukingoni mwa kilima wapate kumtupa chini. Neema inayomwendea mtu wa nje huwaudhi watu wa ndani tangu zamani. Mzee wako akinuna Ijumaa, usifadhaike, na usimjibu kwa ukali. Yuko katika habari yenyewe.

Kuna mtu mmoja katika sura hii ambaye wahubiri humpita mbio: yule binti aliyetekwa, mtumishi wa mke wa Naamani. Hana jina. Yeye ndiye aliyefungua njia yote. Katika viti vyako watakuwamo mabinti wanaofanya kazi majumbani, mbali na mama zao. Mpe huyu binti dakika zake. Ila usiseme kwa wepesi kwamba Mungu alimfanya atekwe ili bwana wake apone. Sura haisemi hivyo. Inasema alitekwa, na katika nyumba ya waliomteka alimtakia mema mtu yule. Hilo linatosha kuwanyamazisha watu.

Tahadhari nyingine. Usiufanye ukoma kuwa jina lingine la dhambi. Ukoma ni ugonjwa unaotibika kwa dawa zinazotolewa hospitalini, na yawezekana mtu aliyewahi kuugua, au ndugu yake, ameketi mbele yako. Kuhusu Naamani, Maandiko hayasemi aliugua kwa sababu ya kosa lolote. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipata ukoma kama adhabu, hilo ni jambo lake, na utalieleza siku yake.

Jumamosi, imani. Sentensi yangu: Naamani alishuka mtoni akitegemea neno alilopewa, huku mwili wake ukiwa bado na ukoma. Hapa somo lako liwe fupi kuliko la siku nyingine, kwa sababu jambo lenyewe ni moja. Naamani alikuja na ramani yake kichwani. Alidhani nabii atatoka, asimame, aombe, apitishe mkono mahali penye ugonjwa. Alipopewa neno tupu alikasirika, akaisifu mito ya kwao, Abana na Farpari. Watumishi wake wakamwita "Baba yangu", wakamwuliza kwa adabu: kama ungeambiwa kutenda jambo kubwa, usingelitenda? Akashuka. Imani yake haikuwa kubwa. Ilikuwa imechanganyika na hasira, na ilisukumwa na maneno ya watumwa. Ilitosha kumfikisha majini, na aliyemponya ni Mungu aliyesema.

Wahubiri wengi hupenda kupamba zile mara saba: mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, watu wanacheka ukingoni, ya sita anakaribia kukata tamaa. Sura haina hayo. Inasema alijichovya mara saba sawasawa na neno la mtu wa Mungu, akawa safi. Ukiongeza chumvi yako, watu watakumbuka chumvi, na mwishowe watafundishwa kwamba imani ni kuvumilia raundi saba mpaka Mungu ashindwe kukataa. Mama mwenye mtoto mgonjwa atarudi nyumbani akihesabu raundi zake. Mwambie badala yake kwamba imani haipimwi kwenye mizani, kwamba hata baba yule katika Marko 9:24 alilia akisema anaamini na akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na mtoto wake akaponywa. Na useme wazi kwamba wako waaminio wanaoendelea kuugua, naye Mungu hajawaacha. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, akaambiwa neema inamtosha.

Jumapili nitakaa zaidi, maana hapo ndipo ulipoumia. Sentensi: Naamani aliyepona alitaka kumwabudu Bwana, na Gehazi, aliyeishi na nabii, alitaka kuiuza neema. Sura yenyewe imewaweka watu hawa wawili mkabala, mgeni na mwenyeji.

Mtazame kwanza mgeni. Hakuna aliyemwagiza kuacha miungu yake. Anasema mwenyewe kwamba hatamtolea mungu mwingine sadaka ila Bwana. Anaomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili, apeleke kwao. Kisha anatoa ombi gumu: bwana wake mfalme akiingia kuabudu katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, huegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama. Bwana amsamehe kwa jambo hili. Mzee wako angejibu nini? Elisha alimjibu, "Enenda kwa amani." Hakumpa orodha, wala hakumwambia kwamba kuinama ni sawa. Alimwacha aondoke na Mungu aliyempata, akiwa na safari ndefu mbele yake. Hapo nawaomba wahubiri vijana wajifunze subira. Utii wa mtu aliyeokoka jana utakuwa na mapengo, na yeye mwenyewe anayaona na kuomba msamaha juu yake. Naamani hakujificha. Alilitaja jambo lenyewe. Mtu anayelitaja jambo lake mbele ya mtumishi wa Mungu ameanza kutii.

Sasa mwenyeji. Gehazi anaona neema iliyotolewa bure kuwa ni hasara. Anamkimbilia Naamani, anatunga uongo wa manabii wawili vijana waliofika ghafla, anaomba talanta moja na mavazi, anapewa talanta mbili, anazificha nyumbani, kisha anasimama mbele ya bwana wake na kusema hakwenda mahali. Kila hatua ni kutotii, na chanzo chake ni kwamba neema haikuwahi kumpendeza. Hili ndilo ningependa uliseme kwa sauti kubwa Jumapili: kutotii kunakotisha zaidi katika sura hii kumo ndani ya nyumba ya nabii.

Nakwambia hivi kwa sababu ya jinsi utii unavyohubiriwa kwetu. Neno hilo likitajwa tu, macho ya ibada nzima huelekea kwenye benchi moja: binti aliyezaa kabla ya ndoa, wenzi ambao ndoa yao haijabarikiwa, mlevi aliyekaa nyuma. Wao wanajua wanavyotazamwa. Wengine hawajashiriki Chakula cha Bwana kwa muda mrefu. Hubiri la utii linalowataja hao tu ni la uonevu, nami sioni namna ya kulitetea. Taja na dhambi za benchi za mbele: mpaka wa shamba uliosogezwa usiku, mjane aliyenyang'anywa nyumba ya marehemu, hesabu za kikundi cha vikoba zisizofunguliwa, dada wa kazi ambaye hajalipwa mshahara tangu msimu uliopita. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chake kimefika kwa Bwana wa majeshi. Ukihubiri hivyo, hakuna atakayesema neema yako ni laini.

Na usiwaache na kishindo tu, wape mfano wa watu waliowahi kutii hivyo. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipoanza Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya, moja ya mambo yaliyowashangaza majirani ni kuona watu wakirudisha vitu walivyoiba. Hawakurudisha wapate kusamehewa. Walikuwa wakiimba kwamba damu ya Yesu imewasafisha, kisha wakaenda kubisha hodi kwa waliowakosea. Zakayo alifanya vilevile: Yesu alikwenda kwanza kukaa kwake, halafu nusu ya mali ikaenda kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Ila uamsho huohuo unatuonya pia. Baadaye, mahali pengine, ndugu walianza kupimana kwa mavazi na kwa namna ya kutoa ushuhuda, na yaliyokuwa matunda yakawa masharti. Utii ukihubiriwa kwa muda mrefu bila kurudia chanzo chake hufikia huko, hata kwa watu wazuri.

Jihadhari pia na mgawanyo wa muda ndani ya hubiri lenyewe. Wengi hutoa neema kwa dakika ishirini za mwanzo, kisha huichukua tena katika kumi za mwisho: Mungu amekusamehe, lakini angalia sana, lakini ole wako, lakini usipojirekebisha. Msikilizaji hubaki na la mwisho. Jumapili hiyo, baada ya kutaja mpaka na mshahara, mrudie Kristo, useme wazi kwamba aliyesogeza mpaka anaweza kusamehewa leo, na kwamba kesho Jumatatu aende kwa jirani na jembe lake waurudishe mpaka pamoja. Amri iwe moja, inayotendeka, yenye siku yake.

Mzee wako atakuja na Yakobo 2, kwamba imani bila matendo imekufa. Usishindane naye, mkubalie, kisha msome pamoja. Paulo katika Warumi 4 anamchukua Abrahamu wa Mwanzo 15, aliyeamini na kuhesabiwa haki kabla hajatahiriwa, maana tohara inakuja sura ya 17. Alikuwa akijibu watu waliotaka kuwatwika mataifa mzigo wa sheria. Yakobo anamchukua Abrahamu wa Mwanzo 22, akiwa na Isaka madhabahuni, miaka mingi baadaye. Isaka huyo alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Yakobo alikuwa akiwajibu watu wanaomwambia ndugu asiye na nguo aende kwa amani, akaote moto na kushiba, wasimpe kitu. Ni mtu mmoja, imani moja, akionwa mwanzo wa safari na karibu na mwisho wake. Mwulize mzee, kwa heshima, mtaa wenu una wagonjwa wa aina gani, wa Paulo au wa Yakobo. Mara nyingi wamo wote, na mwingine ana maradhi yote mawili.

Kuhusu yule mama. Kabla ya semina, nenda ukamwone, ufuatane na mama mmoja wa kanisa anayeaminika. Usiende kumwalika kwanza. Mwulize alisikia nini siku ile, umsikilize bila kujitetea. Sijui alichobeba, na pengine wewe pia hujui. Utakachosikia kitakusaidia kuandika Jumapili kuliko chochote nilichokuandikia hapa, ila usikitaje mimbarini wala usikidokeze.

La mwisho, kuita watu mbele. Sikukatazi, lakini usilifanye kuwa kilele cha semina. Anayetaka kuombewa aje, aombewe, arudi kukaa, na asihesabiwe wala asitangazwe. Kilele kizuri kipo tayari: mwombe mchungaji wa usharika aje Jumapili mshiriki Chakula cha Bwana, ambapo watu huja mikono mitupu wakapewa. Ongea naye mapema, kwa sababu wako watakaotaka kurudi kundini baada ya kusikia Neno la Ijumaa, nao wanahitaji kuonana naye kabla. Jumamosi jioni, ibada ikiisha, akae ofisini mlango ukiwa wazi, na wewe uwe karibu uwapeleke.